Lenzi ndefu ya kushika mkononi kwa picha za ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa karibu kila wiki na watu wanaotaka kuanza kupiga picha za ndege, wengine wameshanunua na wanajuta, ndo maana nimeona niyajibu yote sehemu moja. Nazungumzia lenzi ya kushika mkononi tu, unatembea nayo, unainua, unapiga, unashusha. Mambo ya kukaa kibandani na tripodi kubwa ni habari nyingine kabisa.

Ndo naanza, nichukue lenzi ya milimita ngapi?

Milimita za lenzi zikiongezeka ndege anavutwa karibu zaidi. Kama kamera yako ni fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), lenga 500 au 600, kama ni sensa ya kropu, ndogo kidogo, 400 inatosha sana kuanzia, na kama ni Micro Four Thirds, ndogo zaidi, hata 300 inafanya kazi nzuri tu. Sababu iko hivi. Chukua ndege wa sentimita 15, saizi ya shomoro, katua mita 10 kutoka uliposimama. Kwa lenzi ya 400 huyo ndege anachora milimita 6 tu juu ya sensa, na sensa ya fulu fremu ina upana wa milimita 36, kwa hiyo amejaza moja ya sita ya upana wa picha, hapo hapo umbali wenyewe wa mita 10 ndege wengi hawakuruhusu kabisa. Weka 600, anakuwa milimita 9, yaani robo ya upana. Inaonekana tofauti ndogo lakini ukihesabu eneo lote la mwili wake ni mara mbili na robo, na hilo eneo ndo linabeba manyoya, jicho, kila kitu unachotaka kionekane.

Lenzi ya 200 au 250 iliyokuja na kamera kwenye boksi tumia kujifunzia, lakini usitegemee itakupa ndege mdogo. Yangeyange au korongo aliyezoea watu sawa, chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, hapana.

Kwa hiyo ndefu zaidi ndo bora zaidi?

Hapana, na hili ndo swali ambalo ningeomba kila mtu alisome mara mbili kabla hajatoa hela. Lenzi ya ndege ya mkononi unaichagua kwa mkono kwanza alafu kwa milimita. Ndege hakusubiri, anatokea sekunde tatu, nne, anaondoka, na katika hizo sekunde lenzi lazima iwe imeshafika jichoni na imetulia. Kama imekuchosha utakuwa unaibeba inaning'inia kiunoni na ndege anapita.

Kuna asubuhi moja niliazima lenzi ya karibu kilo tatu, nzuri sana, kioo safi, nikaenda kando ya maji kusubiri mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani kabla ya kupiga mbizi. Saa la kwanza nilikuwa sawa. Saa la pili mkono wa kushoto ukaanza kuwaka kuanzia kwenye kiwiko mpaka begani, nikawa nashusha lenzi kila baada ya nusu dakika. Alipokuja alisimama hewani mbele yangu kabisa, mabawa yanapiga, kichwa kimetulia tuli kinaangalia chini, na mimi lenzi naipandisha inatikisika, fremu inampita juu, inampita chini, namtafuta, nikampata akiwa ameshaingia majini, nikabaki na picha ya mawimbi. Siku hiyo hiyo jioni nikarudisha lenzi ya watu, na tangu hapo sijawahi kuangalia lenzi yoyote bila kuanza na kipengele cha uzito.

Sasa uzito gani unashikika?

Inategemea na mtu lakini naweza kukupa picha ya jumla. Chini ya kilo moja na nusu watu wengi wanashika asubuhi nzima bila shida. Kati ya kilo moja na nusu na mbili utahitaji kupumzika mara kwa mara. Juu ya kilo mbili ni kwa mwenye mazoezi au anayejua atapiga kwa vipindi vifupi. Na usisahau kamera yenyewe, nyingi zinaongeza gramu 500 mpaka 900 hivi.

Baadhi ya namba halisi ili ulinganishe. Canon RF 100-400mm f/5.6-8 ni gramu 635, hiyo ni nyepesi mno. Nikon 300mm f/4 PF iliyotoka 2015 ni 755. Canon RF 600mm f/11 ni 930. Olympus 100-400 ni 1120 bila ile pete ya kufungia tripodi. Canon RF 100-500 ni 1370 bila pete, Nikon Z 600mm f/6.3 PF ni 1390 bila pete, Nikon 500mm f/5.6 PF ya 2018 ni 1460. Alafu unaingia kundi la wazito, Sigma 150-600 Contemporary ya kamera za kioo (DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani) 1930, Nikon Z 180-600 ni 1955 bila pete, Canon RF 200-800 ni 2050, Sony 200-600 ni 2115, Nikon 200-500 f/5.6 ni 2300, na Sigma 150-600 Sport ile ya zamani ya kamera za kioo inagonga 2860.

Kabla hujanunua fanya hivi nyumbani: chukua chupa ya maji ya lita mbili iliyojaa, funga kitambaa upate pa kushika, ipandishe usawa wa macho mkono wa kushoto ukiwa chini yake, hesabu dakika moja, shusha, rudia mara kumi. Lita mbili za maji ni kilo mbili, kwa hiyo una jibu lako hapo hapo.

Mbona lenzi mbili zina uzito sawa ila moja inachosha zaidi?

Ni mahali uzito ulipokaa. Lenzi yenye vioo vizito mbele inavuta mkono chini kama ndoo iliyobebwa kwa mkono ulionyooka, yenye uzito karibu na kamera unaihisi nyepesi hata kama mizani inasema sawa. Kuna zumu, yaani lenzi za kubadilisha milimita, zinazorefuka ukizungusha, kwa mfano Canon RF 100-500 na RF 200-800, zikirefuka uzito unasogea mbele. Na kuna zinazozumu kwa ndani bila kubadilika urefu, kama Sony 200-600 na Nikon Z 180-600, hizo zinabaki na mizani ile ile muda wote, ila kwenye begi zinakula nafasi maana hazifupiki. Mimi binafsi kwa ndege wanaoruka napenda za ndani, ile kuzungusha ni kidogo tu na mkono hauhami. Kama una safari nyingi na begi dogo chukua inayofupika.

Zile za PF za Nikon zina kioo maalumu chenye mistari midogo sana ya duara ambacho kinafanya kazi ya vioo kadhaa, ndo maana ni fupi na nyepesi. Hasara yake ni kwamba ukipiga ukielekea taa kali au jua unaweza kuona miduara ya ajabu kuzunguka mwanga. Kwa ndege wa kawaida mchana hutaiona.

Zumu au praimu?

Praimu, yaani ya urefu mmoja, kwa kawaida ni nyepesi, ina apacha (tundu la kupitisha mwanga) kubwa zaidi na fokasi yake, yaani kulenga ndege awe mkali, ina kasi. Zumu inakusaidia kumtafuta ndege: unaanza 200, unamuona, unasogea mpaka 600. Kwa anayeanza nashauri zumu, na sio kwa sababu ya ndege wakubwa wanaojaa kwenye fremu, hapana, ni kwa sababu kumpata ndege kwenye 600 ni kazi. Pembe ya kuona ya 600 kwenye fulu fremu ni nyuzi 4 tu na kidogo kutoka kona hadi kona, ukikosea kidogo unaangalia majani na huna habari uko wapi. Ila nikuambie ukweli, ukishazoea utakuta picha zako karibu zote ziko kwenye mwisho wa zumu. Nenda kwenye picha zako za zamani uangalie umetumia milimita ngapi, kama tisa kati ya kumi ziko mwisho basi praimu itakufaa.

f/5.6, f/6.3, f/7.1, f/11, hizi namba zinanichanganya, ipi ni giza sana?

Hizo ni namba za apacha, namba ikipanda mwanga unapungua. Kutoka f/5.6 mpaka f/8 umepoteza nusu ya mwanga, mpaka f/11 umebaki na robo. Kati ya f/5.6 na f/6.3 ni theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga kupungua nusu), usigombane na mtu kwa hilo. Chukulia ni alfajiri, f/5.6 na shata (muda kamera inafunguka) ya 1/1000 ya sekunde inakutaka ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, ya 1600. Kwa mwanga huo huo f/11 itakutaka ISO 6400. Kamera za siku hizi ISO 6400 inaliwa vizuri tu hasa ukiisafisha na programu, lakini msituni kwenye kivuli utajikuta kwenye 12800 au 25600 na hapo manyoya yanaanza kuwa kama udongo.

Kwa hiyo lenzi za f/11 kama Canon RF 600 na 800 sio mbaya, kwanza zimewapa watu wengi milimita ambazo wasingezigusa kamwe, ni nyepesi na zinashikika. Ila ni lenzi za jua, na apacha yake haibadiliki kabisa, ni f/11 tu mwanzo mwisho. Pia hazifokasi karibu, ile 600 inaanzia mita 4.5 na 800 inaanzia mita 6, ndege akija miguuni inabidi urudi nyuma.

Na mbona wapiga picha wakubwa wanabeba 600mm f/4?

Kwa sababu ya mwanga na jinsi nyuma ya ndege kunavyoyeyuka. Ila 600 ukigawa kwa 4 unapata 150, yaani lazima ipate kioo cha mbele cha milimita 150 hivi, huwezi kukwepa hilo. Za kisasa zimepungua mpaka karibu kilo tatu, Sony ni gramu 3040 na Canon RF ni 3090. Wapo wanaozishika mkononi. Kama hujawahi kuishika usiagize.

Kizuia mtikisiko kwenye lenzi ni lazima?

Kinasaidia sana, Canon ndo waliotoa lenzi ya kwanza ya kubadilisha yenye hicho kitu mwaka 1995, ile 75-300, na leo karibu kila lenzi ndefu inacho. Lakini elewa kinafanya nini. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Ndege anageuza kichwa, anapiga bawa, hapo ni shata tu. Faida yake kubwa mimi naiona kabla hata ya kupiga, picha kwenye kitundu cha kuchungulia inatulia kama imepigiliwa na unaweza kuweka kisanduku cha fokasi jichoni.

Shata yenyewe, kwa ndege aliyetua ambaye ametulia 1/500 inatosha, mwenye fujo 1/1000, mkubwa anayeruka 1/1600, na wale wa mbio kama mbayuwayu 1/3200 kwenda juu. Ile sheria ya zamani ya moja chini ya milimita, yaani 600 upige 1/600, inahusu mkono wako tu, haihusu ndege.

Lenzi nyingi zina modi mbili au tatu za kizuia mtikisiko. Mara nyingi ya kwanza ni ya kitu kilichotulia, ya pili ni ya kumfuata ndege anayekatiza, soma kijitabu cha lenzi yako maana kila kampuni ina mpangilio wake.

Sensa ya kropu inaongeza milimita kweli?

Lenzi haibadiliki, 400 ni 400. Inachofanya ni kukata kingo. Lakini rudi kwa shomoro wetu wa milimita 6: kwenye sensa ya kropu yenye upana wa milimita 23.5 hivi, hizo 6 ni robo ya picha badala ya moja ya sita. Kama hiyo sensa ndogo ina megapikseli 24 zote zimebanana pale, basi ndege kapata nukta nyingi zaidi kuliko kwenye fulu fremu ya megapikseli 24. Micro Four Thirds ni vile vile, lenzi ya 300 inakupa ndege kama wa 600, na Olympus 300mm f/4 bila pete ni gramu 1270. Kwa mtu mwenye matatizo ya mgongo au bega mimi huwa naanza kumtajia huko. Unachopoteza ni usafi wa picha kwenye mwanga hafifu.

Telekonvata je?

Hiki ni kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera kuzidisha milimita. Ya 1.4 inakula stopu moja, ya 2 inakula mbili. 400 f/5.6 ukiweka 1.4 inakuwa 560 f/8, inakubalika kwenye mwanga mzuri na lenzi kali. Ya mara 2 kwenye zumu ya f/6.3 unafika karibu f/13, fokasi inatafuta tafuta, picha inalainika, mi siipendekezi kwa mkononi. Na hakikisha inaingia kwanza, sio kila lenzi inakubali. Canon RF 100-500 kwa mfano ukiweka telekonvata huwezi kurudi chini ya 300.

Nikinunua iliyotumika niangalie nini?

Hapa usiwe na haraka. Mimi nilishawahi kuletewa lenzi niliyoambiwa ni safi kabisa, nikamulika na tochi nikakuta nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani, kuvu hiyo, muuzaji hakuwahi kupokea simu yangu tena. Kwa hiyo fanya hivi mbele ya mwenye lenzi. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, mulika kutoka nyuma uangalie kwa pembeni kutokea mbele. Vumbi kidogo sio tatizo, nyuzi na mawingu ni tatizo. Funga kwenye kamera, fokasi karibu, alafu mbali, alafu karibu, mara ishirini, sikiliza mota kama inakwama au inalia. Washa kizuia mtikisiko uone picha inatulia au inaruka yenyewe. Zungusha zumu taratibu mwanzo mpaka mwisho usikie kama kuna mahali inagoma. Kisha piga kitu chenye maandishi kikiwa mbali, apacha ikiwa wazi, ukuze picha uangalie katikati na pembeni zote mbili, upande mmoja ukiwa na ukungu kuliko mwingine hiyo lenzi huenda ilidondoka.

Kati ya za zamani, Canon 400mm f/5.6 ya 1993 bado naipenda, ni kilo moja na robo, kali, fokasi yake kwa ndege wanaoruka ni ya haraka. Haina kizuia mtikisiko na haifokasi chini ya mita 3.5, kwa hiyo ni ya mchana na ya angani zaidi kuliko ya vichakani.

Kile kiswichi cha umbali pembeni ya lenzi ni cha nini?

Kinaiambia lenzi isihangaike kutafuta karibu. Ndege akiwa angani weka ile ya kuanzia mita kadhaa mpaka mwisho, fokasi ikipotea inarudi haraka. Ukienda kwenye maua kumfuata chozi irudishe kwenye full, yaani umbali wote, la sivyo utadhani lenzi imekufa.

Lenzi ni kali lakini picha zangu za mbali zina ukungu, kwa nini?

Mara nyingi sio lenzi, ni hewa. Jua likishapasha ardhi, lami, mchanga au hata maji, hewa inachemka na picha inapinda pinda, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoondoa hilo. Piga mapema, au sogea karibu. Nyingine ni zile filta za bei rahisi watu wanafunga mbele kulinda kioo, kwenye lenzi ndefu zinaharibu sana, toa ujaribu. Kofia ya kuzuia jua inalinda kioo vizuri tu.

Nishikeje sasa?

Mkono wa kushoto chini ya lenzi, mbali kidogo kuelekea mbele mpaka uhisi mizani imekaa, kiganja kikiangalia juu. Viwiko viwili vibane kifuani. Kamera ibonyee kwenye paji la uso. Toa pumzi nusu, bonyeza shata taratibu, picha tano sita mfululizo, ya pili na ya tatu mara nyingi ndo kali. Ukiweza kaa chini, viwiko juu ya magoti, hapo hata lenzi ya kilo mbili inatulia. Mkanda wa shingoni achana nao kwa lenzi ndefu, tumia wa kuvuka bega unaofungwa kwenye mguu wa lenzi, sio kwenye kamera, ule mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, haukutengenezwa kubeba kilo mbili zinazoyumba.

Na kumtafuta ndege kuna mbinu moja: usiondoe macho kwa ndege. Mwangalie yeye, inua lenzi mpaka ije mbele ya jicho lako, kichwa kisisogee. Fanya zoezi hilo na majani ya mti ulio karibu, chagua jani moja, inua, angalia umelipata au la. Mara hamsini kwa siku kwa wiki moja.

Nikiwa na lenzi fupi si nimsogelee tu?

Msogelee kwa adabu. Nenda kwa mshazari usimwendee moja kwa moja, inama, simama kila hatua chache, akianza kunyoosha shingo au kuacha kula ujue umefika mwisho wako, subiri au rudi. Ila kwenye kiota usisogee kabisa, hata kama lenzi yako ni ndogo. Mzazi akiondoka mayai yanapoa au yanaungua na jua, na mwewe au nyoka anaona njia uliyopita. Ukikuta ndege amebeba chakula mdomoni anazunguka zunguka bila kushuka, ni wewe ndo umemzuia, makinda yake yapo karibu na miguu yako. Ondoka hapo kwanza.